Mwongo wa Mama Vumilia

Pitshou simpendi, na nalisema mapema ili asije mtu akadai nimemwandika kwa upendeleo. Sikumpenda siku ya kwanza alipoingia kibandani kwangu na viatu vya matope, sikumpenda alipokuwa nyota wa mtaa wetu huu wa Kawempe, Kampala, na hata sasa, anapobeba marobota ya mitumba soko la Owino jasho likimtiririka mpaka kwenye kope, bado simpendi. Lakini kila ninapofungua mlango watu huniuliza habari zake, hasa wale waliosikia nusu ya hadithi kwa wenye midomo mirefu. Nimechoka. Hii hapa nzima, na ikishaisha asiniulize mtu tena.

Mimi ni Aciro, mke wa Kidega wa polisi. Nina kibanda cha filamu nyuma ya mafundi wa kuchomelea vyuma: mabati, mabenchi, televisheni kubwa, na spika mbili nilizonunua kwa baa iliyofilisika. Vibanda vingine vyote vya mtaani kwetu hutafsiri filamu kwa Kiluganda. Changu ni cha Kiswahili, kwa sababu wateja wangu ni wa aina mbili: familia za askari, tuliolelewa kambini, na Wakongo waliokimbia vita huko Bukavu na Uvira. Makundi haya hayapendani sana. Wao husema sisi tukiomba chumvi unadhani tunaamrisha gwaride. Sisi husema wao wakianza kusalimiana, chai inapoa. Ila filamu wanaipenda sawasawa.

Filamu kwetu haiangaliwi kavu. Lazima awepo VJ, mtu anayekaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, anapunguza sauti ya filamu na kueleza kila mhusika anasema nini. Ndiye anayewapa wahusika majina tunayoweza kuyatamka. VJ mzuri anajaza kibanda hata mvua ikinyesha, na mbaya anakifunga. Wangu wa kwanza, koplo mstaafu, alipata kazi ya ulinzi Uarabuni akaondoka bila kuaga. Wiki ile nilikaa na mabenchi yangu tukitazamana.

Hapo ndipo alipojitokeza huyu. Alikuwa mbeba mizigo Owino, kijana mwembamba wa Bukavu mwenye shingo ndefu, aliyekuwa akija jioni na kukaa nyuma kabisa. Akasimama, akanyoosha mkono kana kwamba anadai chake.

"Mama Afande, nipe ile mikro. Miye najua."

"Wewe najua nini?"

"Najua Kingereza, Kifaransa, na ile ya Bachina."

Hakujua. Kifaransa chake kiliishia shule ya msingi, Kiingereza chake kilitosha kuulizia choo, na hiyo ya Wachina ndiyo kabisa. Lakini nilikuwa na mabenchi matupu, na mwenye njaa hachagui mboga. Nikampa.

Tamthilia niliyokuwa nayo ilikuwa ya mabwana wa zamani wa Asia ya mbali, diski kumi, watu wenye kanzu za hariri wakiinamiana katika nyumba za mbao. Nakala yangu ilikuwa ya bei rahisi, haikuwa na maandishi chini ya kioo. Pitshou alitafsiri kwa kutazama nyuso. Akiona mtu amekunja uso, anampa hasira. Akiona macho yamelegea, anampa mapenzi. Na nikiri, maana mimi si mtu wa kumnyima adui haki yake, alikuwa na ulimi. Alibadilisha sauti, alikohoa kama mzee, alibembeleza kama bibi harusi. Nilijua anaongeza chumvi. Sikujua kwamba chungu chote kilikuwa cha kwake.

Kosa alilifanya katika diski ya kwanza. Aliingia mwanamke mmoja kijana, mke wa pili wa bwana mkubwa, akiwa na kifurushi mkononi. Akainama mbele ya mama mkwe, akatazama chini, akauma mdomo. Pitshou alimwona anavyouma mdomo akaamua kwamba huyu anateswa, akambatiza jina papo hapo: Mama Vumilia. Wanawake wote kwenye mabenchi wakaguna kwa huruma. Basi. Katika kibanda, mtu akishapewa wema diski ya kwanza, wema huo haung'oki. Ukimgeuza katikati watu hukurushia maganda ya karanga na kudai kiingilio chao.

Kwa hiyo alimtetea diski baada ya diski. Mama Vumilia alipoiba funguo za ghala, Pitshou alisema ametumwa na mama mkwe aliyekuwa mgonjwa. Alipompiga kofi kijakazi, akasema kijakazi alikutwa anakula chakula cha mtoto. Diski ya sita Mama Vumilia alimpa mtoto wa mke mkubwa bakuli la uji. Mtoto akanywa, akaanguka, akafa. Mama Vumilia akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, akacheka.

Watu wote wakamgeukia Pitshou. Naye akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Batu ba kule, bakifiwa sana, kicheko njo inatangulia. Machozi inakuyaka nyuma. Mumuangalie huyu mama. Homa imemunyanganya mutoto, na uchungu imepita kipimo."

Nani aliyebaki na macho makavu? Huguette, anayeuza vitenge Owino na kuongoza kwaya ya Wakongo, alilia mpaka kilemba kikamwanguka. Mimi pia nililia, mke wa polisi niliyezika wazazi wote wawili bila kulegea mbele za watu, na machozi yale yananiudhi mpaka leo. Mtaani kukawa na msemo mpya. Mtu akifukuzwa na mwenye nyumba, akiibiwa simu, husema, "Niache, leo nacheka kama Mama Vumilia," na kila mtu anaelewa.

Kuanzia hapo Pitshou hakushikika. Aliacha Owino. Akanunua miwani myeusi ambayo aliivaa hata ndani ya kibanda, penye giza. Alikaa kwenye kiti changu, alipokea chapati kwa wauzaji bila hata asante, na nilipomwambia aje mapema kupanga mabenchi, alinijibu kwamba msanii hapangi mabenchi. Nilimvumilia kwa sababu mlangoni kulikuwa na foleni. Naye alijua anasimama juu ya nini. Siku moja nilipomtishia, miwani aliivua.

"Mama Afande, mukininyanganya hii mikro, miye ni mugongo tu," alisema. "Kule Owino hakuna mwenye anauliza jina yangu. Banaitaka mugongo."

Ndiyo maana nasema, ubwege wa mtu hauponi. Mtu anayejua kwamba amesimama ukingoni hachezi ngoma pale. Pitshou alicheza.

Munirah ndiye aliyeleta habari. Ana kibanda cha simu mlangoni kwangu, anatuma na kupokea pesa za watu, na siku nzima macho yake yako mtandaoni. Kuna ukurasa wa Facebook wa mashabiki wa tamthilia wa nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, nao walitangaza Kombe la Wahusika. Wahusika wawili wawili wanapangwa kama timu za mpira, picha kwa picha, watu wanapiga kura, anayeshindwa anatoka, mpaka abaki bingwa. Na katika wahusika hao, chini ya jina refu ambalo hakuna ulimi wa Kawempe ungeweza kulibeba, ilikuwepo picha ya Mama Vumilia na mdomo wake umeumwa.

"Banange!" Munirah aliingia kibandani akipiga kelele katikati ya filamu ya mapigano. "Mama Vumilia iko kwa Facebook! Kila mutu atoe simu, haraka!"

Facebook kwetu serikali imeifunga, huingii hivihivi, lazima uwe na VPN, programu ya kupenya kizuizi, na nusu ya wateja wangu hawakuwa nayo. Munirah aliwawekea mmoja mmoja, akiwatukana kwa simu zao za polepole. Wake wa askari walipeleka habari kambini. Huguette alisimama mbele ya kwaya baada ya ibada akawaambia kura kwanza, mazoezi baadaye. Wauza vitenge wa Owino hawakumuuzia mteja mpaka ampigie kura Mama Vumilia. Raundi ya kwanza tulimtoa daktari mmoja mzuri wa sura. Raundi ya pili tukamtoa mwanajeshi, ingawa upande wa askari walinung'unika kidogo. Watu ambao hawakuwahi kukaa benchi moja sasa walikumbatiana kwa ajili ya mwanamke wa hariri.

Laiti Pitshou angenyamaza, huenda angekuwa kwenye kiti changu mpaka leo. Lakini alitaka nchi zote zijue ni nani aliyemleta duniani Mama Vumilia. Alianza kurekodi sauti na kuzisambaza katika ukurasa ule. "Hapa ni VJ Pitshou, Kampala. Mupigie kura yule mama wa machozi, mwenye alimuuguza mutoto wa mwenziwe mpaka mwisho, mwenye alicheka juu ya uchungu." Nikamwambia aache. Akanijibu kwamba jogoo haombi ruhusa ya kuwika.

Sauti zile zilifika Nairobi na Dar es Salaam, na huko watu walikuwa wameiona tamthilia kwenye televisheni, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili na watu wanaojua kazi yao.

Nusu fainali ilikuwa matusi matupu. "Uganda mmerogwa?" aliandika mmoja. "Huyo mnayemlilia ndiye aliyetia sumu kwenye uji." Mwingine wa Dar akaandika kwa adabu yao ile inayokata kuliko wembe: "Ndugu zetu, tunaomba mtueleze, huko kwenu muuaji huitwa muuguzi?" Wa Nairobi hawakuwa na adabu kabisa, walituita wajinga na wakaweka picha za ng'ombe. Munirah alijibu kila mmoja, vidole vikiwaka moto. Huguette alikuwa akirekodi matusi ya Kibukavu ambayo namshukuru Mungu siyaelewi. Tukashinda nusu fainali kwa hasira. Fainali ilikuwa kati yetu na mpelelezi mmoja wa kike wa tamthilia ya Naijeria, kipenzi cha Nairobi nzima.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Wateja walianza kumtazama Pitshou kwa jicho la pembeni. Jioni moja Munirah alimfuata mpaka kwenye kiti.

"Pitshou, sema kweri. Ile uji ilikuwa na sumu?"

"Sumu gani? Bale ba Dar ni baongo. Banatuonea wivu."

"Wote? Dar nzima nasema uwongo, wewe peke yako iko na kweri?"

"Nani anamujua Mama Vumilia kunipita?"

Hapo akasimama Travis, kijana aliyemaliza chuo na kukosa kazi, ambaye hunipakulia filamu kutoka kwenye kompyuta yake. Kipaza sauti alikuwa anakitamani kwa muda mrefu, na hakujificha. "Hakuna haja ya kupigana," alisema. "Mimi nitaleta diski ya sita, ile ya televisheni, iko na sauti ya Kiswahili. Jumapili tunaangalia sisi wote. Pitshou akae kwa benchi, asiseme kitu."

Watu wote wakanigeukia mimi. Kibanda ni changu. Pitshou naye akanitazama. Nikasema sawa, Jumapili.

Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kura. Kura zingefungwa magharibi. Mchana, baada ya makanisa kutoka, kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama kwenye mitaro. Pitshou alikaa benchi la mbele na mikono katikati ya magoti. Miwani hakuvaa. Travis akachomeka flashi yenye diski hiyo ya sita, nami nikaongeza sauti ya filamu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nifungue biashara hii.

Mama Vumilia akafungua mdomo akazungumza mwenyewe. Alikuwa na sauti ya mwanamke wa pwani, tulivu, iliyonyooka, kila neno limepigwa pasi. Nilihisi kama mtu niliyemzoea ameingia chumbani na uso wa mwingine. Akapokea bakuli kwa kijakazi. Akakoroga. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Ukiamka, hutahisi njaa tena." Mtoto akanywa, akaanguka. Mwanamke akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Akacheka. Kisha akasema, peke yake, akijitazama kwenye kioo:

"Mmoja amekwisha. Bado mama yake."

Nilizima. Hakuna aliyeniomba nizime, mkono ulikwenda wenyewe. Ganda la karanga likaruka kutoka nyuma likampiga Pitshou shingoni. Likafuata la pili. Huguette akasimama. Ni mwanamke mkubwa, akisimama benchi linashukuru.

"Pitshou. Ule mutoto alikufa na nini?"

"Maman Huguette..."

"Nakuuliza. Miye nililia hapa. Nilienda kwetu nikamuombea yule mwanamuke mbele ya Mungu, nikitaja jina! Mutoto alikufa na nini?"

Pitshou aligeuka, akawatazama wote. Nilitegemea angedanganya tena, maana ndiyo kazi yake. "Na sumu," alisema. "Lakini miye sikujua. Disiki ya kwanza nilimuona anauma mudomo, nikasema huyu anateswa. Nilikosea pale. Kisha munyi mulimupenda. Ningefanya nini? Ningemugeuza muuaji mbele yenu?"

"Ungesema kweri," Munirah alisema.

"Kweri mungeilipa? Mara ngapi?"

Hilo swali lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo sababu liliwakasirisha watu kuliko uongo wote uliotangulia. Kelele zilipanda mpaka mafundi wa kuchomelea waliokuwa wamefunga wakaja kuchungulia. Mke wa sajini mmoja alitaka apigwe. Mwingine alisema Wakongo wote ni waongo, na Wakongo wakamgeukia yeye, na nikaona dakika moja tu imebaki kabla mabenchi yangu hayajawa silaha. Nikakichukua kipaza sauti kutoka kwenye msumari wake.

"Nyamaza wote! Pitshou, toka. Hapana kuja tena kwa hii mikro. Kwisha."

"Mama Afande, nilisema ile ilipaswaka kuwa. Angalia uso yake. Ule hana uso ya kuua."

"Nimesema toka."

Akatoka. Sikumhurumia, na sijamhurumia. Mtu amenitoa machozi kwa uongo, amenikalia kiti changu, amenifanya kichekesho cha Nairobi na Dar. Nilimwona kupitia mlangoni akisimama chini ya mabati ya fundi, mikono imening'inia kama haina kazi.

Sasa ikabaki kura. Jua lilikuwa linashuka, na kwenye ukurasa mpelelezi wa Naijeria alikuwa ametangulia kidogo. Nilidhani mambo yamekwisha. Mwanamke amejulikana ni muuaji, kwa mdomo wake mwenyewe, na sisi tutajifutia aibu na kwenda kulala. Munirah aliitazama simu yake, akaitazama televisheni iliyozimwa.

"Nairobi watatucheka mwaka mzima," alisema.

"Banacheka nini?" Huguette akajibu. Alikuwa bado amesimama. "Ule wa leo miye simujui. Ana sauti ya wapi ule? Miye niko na Mama Vumilia wangu, mwenye alilea mutoto wa mwenziwe. Ule wa uji ni wa kwabo. Bakae naye."

Nikamtazama nikidhani anafanya utani. Hakuwa anafanya utani. Akatoa simu yake kifuani, akabonyeza. Mke wa sajini, yuleyule aliyetaka Pitshou apigwe, akasema, "Kweli. Yule hakututenda kitu. Ni Pitshou alitudanganya," akabonyeza. Benchi zima likafuata. Wakaanza kupiga simu kambini, Owino, kwa madereva wa boda wa Nakasero waliowahi kukanyaga hapa hata mara moja. Kura nilipiga na mimi. Nilikuwa na hasira, na hasira inataka kushinda kitu.

Jua lilipozama tulikuwa mbele. Kidogo tu, lakini mbele. Ukurasa uliweka picha ya Mama Vumilia na taji kichwani, na chini yake watu wa Nairobi wakaanza kilio kilichoendelea mpaka wiki iliyofuata. Kibandani watu walirukaruka, kwaya ikaanza wimbo, wake wa askari wakapiga vigelegele vya Kiacholi, vya kwetu kaskazini. Nikafungua kreti ya soda, jambo ambalo Kidega hakuliamini nilipomsimulia.

Katikati ya shangwe Pitshou alitokea mlangoni. Alikuwa amesikia. Uso wote ulikuwa meno.

"Tumeshinda!" alisema.

Munirah akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Tumeshinda na nani?"

"Na... Mama Vumilia. Wa kwetu."

"Huyu ni wa kwetu. Wewe iko wa nani?" Akamsukuma nje kwa kiganja kimoja, bila nguvu sana, akaurudishia mlango wa bati. Hakuna aliyempa soda. Nami niliyekuwa na kreti sikumpa.

Wako wanaosema hilo halikuwa haki: kwamba tulimpa taji mtoto na kumfukuza aliyemzaa. Wanaosema hivyo waje wafungue vibanda vyao, wawaweke waongo wao humo. Mama Vumilia hakutudanganya hata siku moja. Yeye alikaa kwenye diski yake akifanya alichofanya.

Travis alipata kipaza sauti. Wiki ya kwanza alifanya kazi kwa uaminifu, neno kwa neno, kutoka katika Kiingereza alichokitafuta mtandaoni. Watu walimzomea. Hawakuwa wanakitaka Kiingereza chake. Walitaka tamthilia ya bingwa kuanzia diski ya kwanza, na walitaka Mama Vumilia wao. Travis alikuja kwangu akilalamika kwamba huo ni ujinga. Nikamwambia ujinga unalipa kodi ya kibanda. Basi akaenda kwa Huguette na wanawake wa kwaya, akajifunza kila tulichowahi kusikia: funguo za ghala, kofi la kijakazi, homa ya mtoto. Wanawake wale walikuwa wanakumbuka maneno ya Pitshou kama Baba Yetu.

Alirudi, Pitshou. Si kuomba kazi. Alikuja jioni ya diski ya sita akitoka Owino, shati limechanika begani kwa marobota, akalipa mlangoni kama mtu yeyote, na nikampokea kama mtu yeyote. Akakaa nyuma kabisa. Watu walikuwa wamejaa, na wengi walikuwa wapya, waliovutwa na taji; hawakumjua. Waliomjua hawakumsalimia.

Mtoto akanywa uji, akaanguka. Mwanamke akaingia ndani, akafunga mlango, akacheka. Travis akainua kipaza sauti.

"Watu wa kule," alisema, "wakifiwa sana, wanaanza na kicheko. Machozi inakuja nyuma. Angalia huyu mama, amepoteza mtoto..."

"Apana!" Sauti ilitoka nyuma. Pitshou alikuwa amesimama, mkono umenyooka kuelekea kioo. "Apana vile! Umeruka kipimo! 'Uchungu imepita kipimo', kisha unanyamaza, unaacha bamuangalie. Usiseme mutoto kwanza!"

Kibanda kizima kikageuka. Mtu akamwambia akae. Mwingine akamwambia anyamaze, watu wanaangalia filamu. Pitshou hakukaa. Midomo yake ilikuwa inaendelea kutamka, bila sauti, sentensi inayofuata.

Huguette aligeuka taratibu kwenye benchi lake la mbele, macho yamejaa machozi, kitambaa mkononi, ameudhika kwa kukatizwa mahali pale pale anapolilia kila mara.

"Wee baba," alimwambia, "kama haujue hii filimu, toka inje."